Ukoma na mipango ya dunia ya kuumaliza: maswali mnayouliza sana, yamejibiwa kutoka Mombasa

Nazunguka mitaani na kazi ya uhamasishaji wa afya, upande wa Likoni na Mtongwe mara nyingi, na watu wakiona ile fulana huniuliza kila kitu. Haya ya ukoma yamekuwa mengi tangu watu waskie kwenye redio ati dunia yataka kuumaliza kabisa. Nimeyaandika vile yalivyoulizwa, mengine yana jibu refu mengine mstari mmoja, tuvumiliane.

Kwani ukoma bado upo? Si ulikuwa ugonjwa wa mababu?

Upo. Mwaka 2023 peke yake dunia iliandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 180,000, na zaidi ya nusu walikuwa India. Brazil na Indonesia ndo wanafuata, kila moja wapita 10,000 kwa mwaka. Ukisogea huku kwetu kuna Tanzania, Msumbiji, Ethiopia na Kongo, kila moja wapata zaidi ya 1,000 kila mwaka, halafu kuna Komoro, visiwa vidogo lakini ukilinganisha na idadi ya watu wao wako juu sana, hasa Nzwani na Mwali. Sisemi hivi mtu aanze kumwangalia jirani yake Mngazija vibaya, wallahi mtu akifanya hivo hajanielewa. Nasema manake bahari hii ni moja.

Kenya wagonjwa wapya ni wachache, kwa mwaka hawafiki hata elfu, na wengi hutokea magharibi kule Homa Bay na Busia, na huku pwani Kwale na Kilifi. Mombasa tukiwa katikati ya Kwale na Kilifi, na watu wote wa huko waja mjini kutafuta riziki, sijui nani atasema haimhusu.

Waambukizwa vipi? Nikimpa mkono ntaupata?

Hapana. Wala kwa kukaa naye kwenye matatu, wala kunywa chai kikombe kimoja mara moja. Bakteria wake hutoka kwa pua na mdomo wa mtu ambae hajaanza dawa, na ni mpaka muishi karibu karibu muda mrefu, miezi na miaka, nyumba moja. Hata hivo watu wengi sana, kama 95 kwa kila 100, miili yao yaweza kupigana nao wenyewe bila kuugua. Na mgonjwa akishaanza dawa, siku chache tu haambukizi tena mtu. Hio ndo sehemu watu hawaiamini na ndo muhimu kuliko zote.

Haurithiwi pia. Ukiona mama na mtoto wanao ni kwa sababu walilala chumba kimoja, si damu.

Ni laana? Amerogwa?

Ni bakteria. Aligunduliwa na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873 huko Bergen. Huyu bakteria ni mvivu ajabu, hujigawa mara moja kwa kama wiki mbili hivi, wakati bakteria wengine wengi huchukua dakika ama saa tu. Ndo maana mtu aweza kuupata leo dalili zije baada ya miaka 5, na kuna wengine hadi miaka 20. Sasa fikiria, ugonjwa ukija miaka yote hio baadae nani atakumbuka alikaa na nani? Lazima mtu atafute wa kulaumu, na mchawi ako karibu.

Shekhe alisema mwenye jedhamu akimbiwe kama simba.

Hio hadithi ipo, na kuna riwaya ingine ati Mtume (SAW) alimshika mwenye ukoma mkono akala naye sahani moja. Wanavyuoni washaeleza vile hizo mbili zaenda pamoja, mimi si mwanachuoni, muulizeni shekhe wenu awafafanulie yote sio ile moja tu. Na wakristo mshasoma vile Yesu alimgusa yule mtu badala ya kumkwepa. Mimi langu ni la kliniki: zamani hizo hakukuwa na dawa, leo ipo.

Nina doa mgongoni, ntajuaje si choa?

Swali hili naulizwa kuliko yote, tukae hapa kidogo.

Choa na mashilingi huwasha. Mba huwa na ukungaungu ukikwaruza. Doa la ukoma mara nyingi haliwashi wala haliumi, na hapo ndo mtu hudanganyika, aona halina shida analiacha. Kwa ngozi zetu nyeusi latokea hafifu kuliko ngozi yenyewe ama lina wekundu wa shaba, na ndani yake pamekufa ganzi.

Kuangalia hakuhitaji mashine. Chukua pamba, vuta ncha yake mpaka iwe nyembamba kama uzi. Mguse mtu mahali pazima kwanza akiwa aona, aelewe mchezo. Halafu mwambie afunge macho, mguse hapa na pale, na kila akiskia aonyeshe kwa kidole palipoguswa. Ukigusa katikati ya doa akanyamaza, rudia. Akinyamaza tena, ama aonyeshe mahali pengine kabisa, usimwambie chochote cha kumtisha, mpeleke kliniki.

Kuna mama mmoja wa viazi karai, hakuja kwa sababu ya doa. Alikuja kwa sababu mafuta yalimrukia mkononi akaendelea kukaanga, msichana wake ndo alipiga kelele kuona ngozi imetoka malengelenge. Hakuskia kitu. Alipovua lile deraa tukaona mabaka mkononi hadi begani, na alikuwa ashapakwa dawa ya choa kwenye vituo tofauti muda mrefu tu. Kila mtu alimwandikia tyubu, hakuna aliyechukua pamba.

Dalili zingine ni vidole vya mkono kukunjika bila kutaka, mguu kuburuta, jicho kutofunga vizuri ukilala, vivimbe masikioni na usoni, nyusi kupukutika, na vidonda vya nyayo visivyouma. Pia mishipa ya fahamu kuvimba, ule wa kiwiko ambao ukigonga wapigwa shoti, kwa mgonjwa waweza kuushika kama kamba.

Dawa ni bei gani? SHA, bima ya afya ya serikali, yalipa?

Ni bure, duniani kote, na ukiulizwa pesa ya vidonge vya ukoma uliza kwa nini. Nauli, kitanda ukilazwa, vipimo vingine, hivo ndo vyaweza kukugharimu.

Matibabu ni dawa tatu pamoja, rifampisini, dapsoni na klofazimini, zinafungwa kwenye pakiti ya siku 28. Mwanzo wa pakiti kuna vidonge vingi wavimeza mbele ya mhudumu, vile vingine wameza nyumbani kila siku. Mwenye mabaka machache, hadi 5, amaliza miezi 6, mwenye mengi zaidi miezi 12. Basi. Zamani watu walimeza dapsoni peke yake maisha yote na bakteria akaizoea, ndo mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani, WHO, likasema dawa zichanganywe.

Sasa hizi pakiti za bure zatoka kwa nani?

Kuanzia 1995 hadi 1999 walilipa Nippon Foundation ya Japani, dola milioni 50 kwa miaka mitano. Kutoka 2000 kampuni ya Novartis ya Uswisi ndo hutoa dawa zenyewe kupitia WHO. Nchi zapeleka hesabu ya wagonjwa wao, WHO yaagiza, mzigo waja kwa wizara, wizara yagawa. Tangu mchanganyiko huu wa dawa uanze kutumika miaka ya 80, watu zaidi ya milioni 16 wametibiwa.

Wanafaidika nini? Hakuna mzungu wa kutoa kitu cha bure.

Jina wanalipata, hilo sikatai, na sijakataza mtu kuwa na shaka, kampuni ni kampuni. Lakini tuangalie na upande wetu pia. Dawa hizi ni za zamani, wanaozihitaji ni watu wasio na pesa, hakuna soko hapo la kumtajirisha mtu. Shaka yangu mimi iko mahali pengine kabisa: kwamba ugonjwa mzima wa dunia umetegemea mlango mmoja wa dawa. Nigeria mwaka 2024 waliishiwa, mzigo ulichelewa kwa sababu ya masharti mapya ya kupima dawa, na wagonjwa wakakaa bila vidonge mpaka 2025. Bakteria hakungoja makaratasi.

Huo ushirika wa dunia unaotajwa ni kina nani hasa?

Jina lake ni Global Partnership for Zero Leprosy, ulianzishwa Januari 2018. Ndani yake kuna WHO, Novartis, mashirika ya Japani yenye jina la Sasakawa, watafiti, serikali, na ILEP. ILEP ni muungano wa mashirika ya ukoma tangu 1966, na ndani yake kuna wakongwe kama The Leprosy Mission iliyoanza 1874. Halafu wapo wenyewe waliougua, mfano IDEA, chama cha watu walioathiriwa, na ningependa hawa wangetajwa mwanzo kila mara badala ya mwisho.

Kazi ya ushirika si kutibu mtu. Ni kuwakalisha hawa wote meza moja wasivutane, kusaidia nchi ipange ramani yake ya miaka, kujua utafiti gani watakiwa kwanza, na kutafuta pesa. Shabaha yao huwa ni sufuri tatu: ugonjwa sufuri, ulemavu sufuri, ubaguzi sufuri.

Na wasivutane sisemi kwa mzaha. Kulikuwa na muungano mwingine kabla ya huu, ulianza 1999 Abidjan, ndani WHO, Nippon, Novartis, ILEP na serikali za nchi zenye ukoma mwingi. Miaka michache tu ILEP wakajikuta nje baada ya kutoelewana na WHO. Kwa ufupi, upande mmoja ulikuwa na haraka ya kutangaza ushindi, upande wa pili, wenye wauguzi vijijini, wakasema jamani wagonjwa bado waja. Nikisoma habari zile hunikumbusha kamati za harusi huku kwetu, wote wampenda bwana harusi na bado hawasalimiani.

Lakini si walitangaza ukoma uliisha mwaka 2000?

Walitangaza jambo, na jambo lenyewe lilikuwa kweli, ila watu walilielewa vingine.

1991 nchi za dunia zilikubaliana kwamba ifikapo 2000 ukoma usiwe tena tatizo kubwa la afya ya umma, na wakaweka kipimo: chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Ikafika kwa dunia nzima 2000, na nchi nyingi zikafika 2005. Ni kazi kubwa usiidharau, katikati ya miaka ya 80 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 5.

Tatizo liko kwa namna ya kuhesabu. Kinachohesabiwa ni walio kwenye dawa siku hio. Zamani mtu alimeza maisha yote, jina lake laandikwa kila mwaka, sasa amaliza mwaka na jina latoka. Kwa hivo hata wapya wakija vilevile, daftari lapungua. Na daftari likipungua nini hufuata? Bajeti yapungua. Waliosomea ukoma wastaafu hakuna wa kuchukua nafasi, wanafunzi wa udaktari wafundishwa somo lile haraka haraka kama historia, mgonjwa aja na doa kila mtu amwandikia tyubu. Yule mama wa viazi ndo matokeo ya ile sherehe, nasema wazi.

Dunia yenyewe yajua. Mkakati wa WHO wa 2021 hadi 2030 hauzungumzi tena kuhusu 1 kwa 10,000, wazungumzia wagonjwa wapya: wataka nchi 120 zisiwe na hata mgonjwa mmoja mpya aliyeupatia hapo hapo nchini. Kipimo hiki ni kigumu na ndo cha haki.

Kuna nchi ishafaulu kweli kweli?

Jordan. Septemba 2024 WHO walithibitisha, ya kwanza duniani, baada ya zaidi ya miaka 20 bila mgonjwa aliyeambukizwa ndani ya nchi.

Wajuaje kama waambukizana bado mahali?

Angalia watoto. Mtoto wa miaka 8 akiwa na ukoma ujue kuna mtu mzima karibu yake ambae hajatibiwa, manake mtoto hana miaka 20 ya nyuma ya kusingizia. 2023 watoto wapya walipita 10,000 duniani. Na wale waliofika hospitali tayari wana ulemavu wa kuonekana walipita 9,000, hao nao wakwambia tumechelewa kuwaona.

Naskia kuna dozi moja wapewa familia yote. Ni nini?

Hapa ndo pazuri. Ni rifampisini, mara moja tu, kwa wale wanaoishi na mgonjwa ama majirani na marafiki wa karibu, baada ya kuangaliwa kwamba hawana ukoma na hawana TB. Utafiti wa Bangladesh uliofuata watu zaidi ya 20,000 ulionyesha hupunguza hatari kwa asilimia 57 miaka miwili ya mwanzo. WHO wakaipendekeza 2018. Moroko walikuwa washaanza tangu 2012, na kati ya 2015 na 2018 ikajaribiwa nchi kadhaa kuona kama yawezekana nje ya utafiti, Tanzania ikiwemo.

Asilimia 57 si 100, mtu asije akaniambia mbona fulani alimeza na bado. Ndo maana huko Komoro na Madagaska watafiti wamejaribu kuongeza dozi na kupanua duara la wanaopewa, na Komoro pia wanaijaribu bedakwilini, dawa ya TB sugu.

Lakini niwaambie kidonge si kazi. Kazi ni kufika kwa huyo jirani. Ili nimpe jirani dozi lazima ajue kwamba nyumba ya pili kuna mwenye ukoma, na mgonjwa ana haki ya kusema hapana, sitaki mtaa ujue. Nshakaa kwenye baraza ya nyumba moja, Swahili house ya vyumba sita, mgonjwa chumba cha tatu, na mimi nafikiria ntapiga hodi vyumba vitano kwa maneno gani. Nilichokiona chasaidia ni kuangalia ngozi za watu wote kwa jumla, choa, upele, mba, kila mtu apimwe na dawa apewe, na ukoma uwe ndani ya huo mfuko bila kutajwa mwanzo. Mradi mmoja Tanzania, Msumbiji na Ethiopia umelinganisha njia hii ya kambi za ngozi kijijini na ile ya kuwaita watu kituoni. Mimi kura yangu ni ya kambi.

Chanjo je?

BCG anayochanjwa mtoto akizaliwa kwa ajili ya TB yasaidia kiasi na ukoma pia. Chanjo ya ukoma yenyewe, yaitwa LepVax, bado yafanyiwa majaribio.

Niende wapi nikiwa na shaka hapa Mombasa?

Kituo cha afya chochote cha serikali kilicho na kliniki ya TB, manake Kenya ukoma na TB ziko chini ya programu moja ya kitaifa. Uliza kodineta wa TB na ukoma wa sabukaunti yako, kila sabukaunti ina wake. Ukiona unapakwa dawa ya choa na doa halibanduki, na pamba huiskii, sema wewe mwenyewe, "daktari, hapa pamekufa ganzi." Hilo neno ganzi hufungua macho. Wengine watakutoa ute kidogo kwa ncha ya sikio kuangalia kwa darubini, usiogope, ni mkato mdogo. Kesi ngumu zapelekwa Makadara, yaani Coast General.

Nimeanza dawa, mkojo mwekundu na ngozi yaniwa nyeusi. Nife?

Hufi. Mkojo ni rifampisini, wapita siku ya pili. Ngozi kuiva ni klofazimini, na yarudi polepole ukimaliza, japo yachukua miezi mingi. Najua kwa dada zetu hii yauma sana, kuna walioacha dawa kwa sababu ya uso, na mhudumu akisahau kukuonya kabla ni kosa lake si lako. Lakini ukitoka vipele mwili mzima, ukachubuka mdomo, macho yakawa ya manjano ama ukaishiwa nguvu na kuhema, rudi siku hio hio, dapsoni haielewani na kila mtu.

Mjamzito na anayenyonyesha?

Waendelea kumeza.

Nilikuwa naendelea vizuri, ghafla mabaka yamevimba mekundu na mishipa yauma. Dawa imeshindwa?

La. Huo ni mwili wako wenyewe wapigana na bakteria waliokufa na walio hai, na kwenye vita hivo mishipa ya fahamu ndo huumia. Yaweza kuja kabla ya dawa, katikati, hata baada ya kumaliza. Usiache vidonge na usingoje tarehe ya kliniki, kwa sababu mkono waweza kupooza kwa siku chache tu. Watakupa predinisoloni kwa wiki nyingi, chini ya uangalizi, usijinunulie dukani. Vidole vingi vilivyokunjika ninavyoviona mitaani ni vya watu waliopona bakteria wakakosa kuwahi hapa.

Ni kweli vidole hukatika vyenyewe?

Havikatiki. Mtu haskii maumivu, aungua, ajikata, kidonda chaoza, mfupa waliwa kidogo kidogo mpaka kidole chafupika. Kwa hivo mwenye ganzi aangalie nyayo kila jioni, aloweke miguu kwenye maji, ajipake mafuta, avae viatu vyenye soli laini na asitembee pekupeku hata ufukweni. Sufuria ashike na kitambaa.

Ganzi iliyokaa muda mrefu hairudi mara nyingi. Nasikitika kuliandika lakini ndo hivo.

Zamani waliwatenga, sasa je sheria yasemaje?

Ukienda Msambweni wazee watakwambia habari za Tumbe, ambako wenye ukoma waliishi kando. Sehemu nyingi za dunia zilikuwa na za kwao, Japani sheria ya kuwatenga ilifutwa 1996 tu, na India mpaka 2019 ukoma ulikuwa sababu halali ya talaka. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio dhidi ya ubaguzi wa walioathiriwa na familia zao, na 2017 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja huo likateua mjumbe maalum wa kufuatilia, wa kwanza alikuwa Alice Cruz. Hata hivo ILEP wamehesabu sheria za kibaguzi zaidi ya 100 ambazo bado ziko kwenye vitabu vya nchi mbali mbali.

Huku kwetu sheria si ndo shida, shida ni mwenye nyumba. Mtu apewa notisi kwa sababu "wapangaji wengine wanalalamika", chumba chapakwa rangi siku ya pili. Umoja wa Mataifa haufiki hapo, hapo yafika mama mtaa, imamu, pasta, mzee wa kijiji na sisi. Mimi nikiskia kesi hio huenda na mtu wa kliniki mwenye koti jeupe, tukaeleza kwa mdomo wetu kwamba huyu ashaanza dawa na haambukizi. Koti jeupe lasaidia kuliko maneno yangu.

Huo ushirika walete nini Mombasa kama wangeuliza?

Hawajaniuliza lakini nshajiandaa. Vidonge tunavyo. Ningetaka nauli ya kodineta kufika kwa familia ya kila mgonjwa, na kurudi tena mwaka unaofuata, na mwaka wa tatu. Ningetaka kila muuguzi mpya wa zahanati aonyeshwe doa la kweli kwa macho yake, hata picha kwenye simu, siyo maneno ya mwalimu. Na viatu vya soli laini. Watu hudhani viatu ni kitu kidogo, kaa na mtu mwenye kidonda cha nyayo kilichogoma kupona ndo utajua.

Siku ya Ukoma Duniani ni lini?

Jumapili ya mwisho ya Januari, ilianzishwa na Raoul Follereau, Mfaransa, mwaka 1954.

Je, wanyama wanao? Naweza kuupata kwa paka?

Paka hana. Walio nao ni armadilo wa Marekani, mnyama mwenye gamba gumu anayefanana kidogo na kakakuona wetu, na kule watu wengine huupata kwa kumshika ama kumla. Wamepatikana pia kindi wekundu wa Uingereza, na sokwe wa Guinea-Bissau na Ivory Coast. Kwa hivo wataalamu wakisema kumaliza huwa wanamaanisha kwa binadamu kwanza, hao wa porini ni hesabu ingine na hakuna anayejua wataifanyaje.